Umelipa, Lakini Gari ni la Nani?

Wanaoniuliza swali hili karibu wote wamepita njia moja. Walinunua gari kwa mtu binafsi, si yadi. Wakalipa, wakapewa ufunguo, wakaendesha miezi kadhaa bila tatizo. Kisha siku moja akatokea mtu anayesema gari ni lake: polisi akiwa na mlalamishi, dalali wa benki na gari la kuvuta, mjane wa muuzaji, au muuzaji mwenyewe amebadilisha nia. Nao huniandikia: "Si nimelipa? Gari si langu?"

Jibu langu huwa haliwafurahishi. Kulipa kunakupa haki juu ya yule aliyekuuzia, lakini hakumfungi mtu wa tatu ambaye haki yake ilitangulia. Na karibu migogoro yote ya aina hii huzaliwa ndani ya pengo moja, yaani muda ulio kati ya pesa kutoka kwako na jina lako kuingia kwenye kumbukumbu za NTSA, mamlaka inayosajili magari. Yuko anayeliacha pengo hilo siku mbili, na yuko anayeliacha miaka. Hapa nitaeleza jinsi ya kuliziba, na la kufanya ikiwa tayari umeliacha wazi. Sheria ninazozitaja ni za Kenya.

Logibuku inathibitisha nini?

Wengi huamini kwamba jina likiwa kwenye logibuku, yaani hati ya usajili wa gari, maneno yamekwisha. Sivyo. Sheria ya Trafiki (Sura ya 403), kifungu cha 8, inasema aliyeandikishwa atachukuliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito. Mwaka 2005, katika kesi ya Securicor Kenya Ltd dhidi ya Kyumba Holdings Ltd, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba Securicor haikuwa tena mwenye gari lililosababisha ajali, ingawa usajili ulikuwa bado kwa jina lake, kwa sababu ilithibitisha ilikuwa imeshaliuza.

Hukumu ya namna hiyo inakata pande mbili. Ukiwa umenunua kwa mwenyewe halali na jina halijabadilika, ushahidi mzuri unaweza kukuokoa. Lakini ukiwa umenunua kwa tapeli, hata ukifaulu kuingiza jina lako, mwenyewe wa kweli anaweza kuja na ushahidi wake akakushinda.

Kifungu cha 9 cha sheria hiyo hiyo kinataka muuzaji aarifu msajili ndani ya siku 7 tangu gari kubadilisha mikono, na kinakataza gari kutumika barabarani zaidi ya siku 14 kabla mwenyewe mpya hajaandikishwa. Kwa hiyo lile zoea la "tutafanya transfa mwezi ujao nikipata nafasi" ni kosa kisheria, mbali na kuwa hatari kwa mfuko wako.

Kabla hujatoa hata arubuni

Fanya sachi ya rekodi ya gari NTSA mwenyewe, kwa akaunti yako ya eCitizen, jukwaa la huduma za serikali mtandaoni. Usikubali karatasi aliyokuja nayo muuzaji, hata ikiwa na mihuri. Karatasi ya mwezi uliopita haisemi lolote kuhusu mkopo wa wiki iliyopita, na siku hizi kutengeneza karatasi inayofanana na ya serikali ni kazi ya dakika chache kwa mwenye kompyuta na printa.

Rekodi ikishatoka, isome mstari kwa mstari:

- Jina ni la nani? Je, ni la huyu aliye mbele yako, na namba ya kitambulisho ni hiyo hiyo?
- Kuna majina mawili? Jina la pili likiwa la benki, sako au kampuni ya mikopo, gari lina deni. Aliyekuja kukuuzia hana ruhusa ya kuuza peke yake.
- Kuna zuio lolote lililowekwa?
- Namba ya chesi, namba ya injini, rangi, mwaka na aina ya gari vinalingana na gari lenyewe?

Halafu kuna sajili nyingine ambayo wanunuzi wengi hawaijui kabisa. Tangu Sheria ya Haki za Dhamana juu ya Mali Inayohamishika ya 2017, mkopeshaji anaweza kuandikisha haki yake juu ya gari katika sajili ya dhamana bila jina lake kuonekana kwenye logibuku. Sachi ya NTSA ikiwa safi haimaanishi sajili hiyo pia ni safi. Tafuta huko pia, kwa maelezo ya muuzaji na ya gari.

Sasa nenda kwenye gari, na uende mchana. Fungua boneti. Katika Toyota nyingi namba ya chesi imegongwa kwenye ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini. Ifute vumbi kwa kitambaa na uisome hapo, si kwenye kibandiko cha mlangoni. Tazama kama tarakimu zimekaa kwenye mstari mmoja na kina kimoja. Tazama kama chuma kinachoizunguka kina alama za tupa, rangi mpya kuliko ya jirani yake, au mshono wa kulehemu. Ipapase kwa kidole, kwa sababu chuma kilichokatwa na kuunganishwa upya mara nyingi kidole hukigundua kabla ya jicho. Kisha tazama vioo vya madirisha na vya pembeni, kwani wenye magari wengi hapa kwetu huvichonga namba ya gari kwa hofu ya wezi. Ukikuta kioo kimoja kina namba nyingine, huenda kilibadilishwa baada ya kuvunjika. Vyote vikiwa na namba nyingine, au vyote vimesuguliwa, rudi nyumbani.

Uliza ufunguo wa pili. Uliza pia kama kuna kifaa cha kufuatilia gari, na umwombe fundi wako akichungulie chini ya dashibodi. Kifaa ambacho muuzaji hajui kilipo, au waya zilizokatwa kwa haraka, ni dalili ya gari la kukodisha. Wizi unaovuma sana sasa hauhitaji kuvunja mlango: mtu anakodi gari kwa siku tatu, anatengeneza logibuku ya bandia, analiuza kwa bei ya kutupa siku ya pili.

Ni nani hasa anayeuza?

Gari huwa na mtu anayelileta na mtu anayelimiliki, na mara nyingi ni watu wawili.

Mnyororo wa wanunuzi wasiohamisha. A alimuuzia B miaka minne iliyopita, B sasa anakuuzia wewe, logibuku ina jina la A. B atakuonyesha mkataba wake na A, na huenda anasema kweli. Lakini mwenye uwezo wa kuanzisha uhamisho ni A. Kama A hayupo, hapatikani au amefariki, hununui gari, unanunua kesi. Mwambie B amlete A, au afanye uhamisho kwa jina lake kwanza, ndipo mzungumze bei.

Marehemu. Mtoto au mjane hana uwezo wa kuuza gari la marehemu kwa sababu tu yeye ni familia. Sheria ya Urithi (Sura ya 160) inamhesabu anayejiingiza katika mali ya marehemu bila idhini kuwa ametenda kosa. Dai barua ya usimamizi wa mirathi iliyothibitishwa na mahakama, na utazame kama gari limetajwa ndani yake na amepewa nani.

Kampuni. Dai azimio la wakurugenzi linaloruhusu kuuza gari hilo kwa namba yake. Dereva wa kampuni au meneja mwenye ufunguo hatoshi.

Mume au mke. Gari la familia likiuzwa kwa siri wakati ndoa imeingia nyufa, wewe ndiwe utakayeitwa shahidi kwanza na mdaiwa baadaye. Mwombe mwenzake atie saini mkatabani kama shahidi. Muuzaji akikasirika kwa ombi hilo, umeshapata jibu.

Gari lenye msamaha wa ushuru. Magari ya wanadiplomasia, ya watu wenye ulemavu na ya Wakenya waliorejea nyumbani huweza kuingia nchini bila ushuru kwa masharti. Yakiuzwa kwa asiye na msamaha, ushuru hudaiwa, na mamlaka ya mapato (KRA) hulifuata gari lilipo. Hali ni hiyo hiyo kwa gari lenye namba za Tanzania lililovuka mpaka wa Lunga Lunga kwa kibali cha muda. Kadi ya TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, iliyo safi kabisa haikupi ruhusa ya kulibakiza Mombasa.

Siku ya malipo

Fanyeni yote katika kikao kimoja. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, na ndilo linalopuuzwa kuliko yote.

Kikao chenyewe hukaa hivi. Mko ndani ya ukumbi wa benki, wewe na muuzaji, kila mmoja na simu yake na kitambulisho chake. Rudia sachi asubuhi hiyo hiyo. Ile ya wiki jana imeshapitwa na wakati. Muuzaji anaingia kwenye akaunti yake ya eCitizen, mbele yako, anafungua huduma za NTSA na kulichagua gari. Hapo penyewe ndipo matapeli wengi huanguka, maana logibuku ya bandia inaweza kuchapishwa lakini gari haliwezi kujitokeza kwenye akaunti ya mtu asiyelimiliki. Anaingiza maelezo yako, wewe unapokea ombi kwenye akaunti yako na kulikubali, ada inalipwa kulingana na ukubwa wa injini. Kisha unasogea dirishani na pesa zinaingia kwenye akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye logibuku.

"Lakini muuzaji anaogopa: nikianzisha uhamisho halafu usilipe?" Hofu yake ni ya haki. Suluhisho ni mojawapo ya haya:

1. Pesa zikae kwa wakili mmoja mliyekubaliana, azitoe uhamisho ukishakubaliwa.
2. Ulipe sehemu anapoanzisha na iliyobaki unapokubali, nyote mkiwa mmeketi hapo hapo.
3. Kama mnajuana na bei ni ndogo, angalau mwaminiane kwa saa moja, si kwa miezi mitatu.

Kuhusu namna ya kulipa: taslimu usikubali. M-Pesa ina kikomo cha shilingi 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku, na ukianza kuigawanya kwenye namba za watu mbalimbali, "tumia kwa huyu ndugu yangu, hii iende kwa mke wangu," unajiharibia ushahidi. Uhamisho wa benki kwa akaunti ya muuzaji, ukiwa na namba ya gari kwenye maelezo ya malipo, ni shahidi asiyebadilisha kauli.

Mkataba je?

Uandike, lakini usiuabudu. Nimeona watu wakilipa wakili apige muhuri kwenye mkataba huku hawajatumia pesa kidogo za sachi. Muhuri wa wakili unathibitisha kwamba watu wawili walitia saini mbele yake. Hauwezi kumpa muuzaji umiliki asiokuwa nao.

Mkataba mzuri una majina kamili na namba za vitambulisho na PIN za KRA, namba ya gari, ya chesi na ya injini, bei na jinsi ilivyolipwa, kilomita zilizosomeka, tarehe na saa ya kukabidhiana gari, tamko la muuzaji kwamba gari ni lake na halina deni wala dai, na ahadi yake kwamba likitokea dai atarudisha bei yote. Ile saa usiidharau. Gari likigonga mtu saa nane mchana, mtabishana kama lilikabidhiwa saa sita au saa kumi.

Kuna sentensi moja ambayo wauzaji hupenda kuisukumiza: gari linauzwa "jinsi lilivyo". Hiyo inahusu breki, injini na bodi. Usikubali mtu akuambie inahusu pia umiliki.

Unapolipa kidogo kidogo

Muuzaji akishikilia logibuku mpaka umalize, pengo lile nililolitaja linakuwa sehemu ya mpango wenyewe. Kama huna njia nyingine, fanya mawili: andikeni wazi ni lini umiliki unahama, na mweke wakili ashike hati za uhamisho zilizokwisha tiwa saini. Hati tupu iliyotiwa saini na kutunzwa kwenye droo ya muuzaji haina faida kwako.

"Lakini mimi sikujua ni la wizi"

Hapa ndipo huruma ya watu na sheria huachana. Kanuni ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa (Sura ya 31) ni kwamba asiye na umiliki hawezi kuupitisha kwa mwingine. Nia yako njema inaweza kukuepusha na jela, lakini haikuachii gari. Hata hivyo, si kila hadithi inayoitwa wizi ni wizi, na tofauti hizi tatu ndizo huamua kesi nyingi.

Mwenyewe hakuwahi kuuza. Gari liliibiwa, au lilikodishwa na aliyelikodi akaliuza. Aliyekuuzia hakuwa na chochote cha kukupa. Gari linarudi kwa mwenyewe, nawe unamfuata aliyekuuzia kwa pesa zako.

Mwenyewe aliuza, lakini alidanganywa. Alimpa tapeli gari kwa hiari kwa sababu ya hundi iliyorudi au ujumbe wa bandia wa malipo, na tapeli akakuuzia wewe. Hapa tapeli alipata umiliki wenye kasoro, unaoweza kubatilishwa. Kama ulinunua kwa nia njema kabla mwenyewe hajaubatilisha, unaweza kubaki na gari, na ni yeye atakayemfuata tapeli. Kwa hiyo mtu akija na malalamiko, la kwanza kumuuliza ni hili: alimkabidhi nani gari lake, na kwa makubaliano gani? Jibu lake liandike siku hiyo hiyo.

Muuzaji aliuza mara mbili. Wewe ulilipa wa kwanza, ukamwachia gari "alitumie mpaka Jumatatu," naye Jumamosi akamuuzia mwingine na kumkabidhi. Mnunuzi wa pili akiwa hakujua habari zako, sheria inaweza kumpa yeye gari. Ndiyo maana ukilipa, ondoka na gari.

Kuhusu pesa zako, sheria inaweka ndani ya kila mauzo sharti kwamba muuzaji ana haki ya kuuza. Kesi ya kale ya Uingereza inayosomwa na kila mwanafunzi wa sheria, Rowland dhidi ya Divall ya 1923, ilihusu gari lililonunuliwa kwa pauni 334 na kutumika takriban miezi minne kabla polisi hawajalichukua. Mahakama iliamuru bei yote irudishwe, bila kukata chochote kwa ajili ya matumizi, kwa kuwa mnunuzi alilipia umiliki na hakuupata. Muuzaji akikuambia "lakini umeliendesha mwaka mzima, tugawane hasara," usikimbilie kukubali.

Wameshakuja kulichukua

Ukiwa umechanganyikiwa, fanya haya kwanza:

- Usilifiche, usilivunje vipuri, usiliuze kwa mwingine. Kushughulika na mali ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini ni ya wizi kunaweza kukufunga miaka 14. Ulikuwa mnunuzi aliyedhulumiwa; usijigeuze mshukiwa.
- Dai vitambulisho vya waliokuja na karatasi walizo nazo, na uzipige picha.
- Piga picha za gari pande zote, kilomita zake, na vitu vyako vilivyomo.
- Polisi wakilichukua, dai lisajiliwe kwenye kitabu cha matukio na upate namba ya OB.
- Usitie saini taarifa inayosema umelirudisha kwa hiari kabla wakili hajaisoma. Kituo cha polisi kinaweza kulishikilia gari kama kielelezo. Kuamua ni la nani ni kazi ya mahakama.
- Hifadhi simu yenyewe uliyotumia kuwasiliana na muuzaji, si picha za skrini peke yake. Jumbe za WhatsApp zinakubalika mahakamani zikiambatana na cheti kinachotakiwa na Sheria ya Ushahidi.

Baada ya hapo, njia inategemea aliyekuja.

Benki au mkopeshaji. Uliza deni lilichukuliwa tarehe gani na liliandikishwa wapi. Likiwa limeandikishwa kabla ya siku yako ya kununua, usitumie pesa nyingi kupigana, jadili. Mara nyingine deni lililobaki ni dogo kuliko thamani ya gari, na kulimaliza ukaachiwa ni nafuu kuliko kesi. Fanya hivyo kwa maandishi, benki ikiahidi kuondoa jina lake. Likiwa limechukuliwa baada ya wewe kununua na kukabidhiwa gari, wewe ndiwe mwenye hoja. Shailoki, yaani mkopeshaji wa mtaani, aliyeshikilia logibuku kama rehani bila kuandikisha popote ana hoja dhaifu kuliko anavyojifanya.

Mdai wa muuzaji. Hili huwashangaza watu: gari linachukuliwa kwa deni ambalo hulijui, kwa sababu mahakama ilimhukumu muuzaji na gari bado lina jina lake. Dalali anayetekeleza hukumu hutakiwa aorodheshe mali na kutoa notisi ya siku 7 kabla ya kuiondoa. Zitumie siku hizo kuweka pingamizi katika mahakama iliyotoa hukumu, chini ya Amri ya 22 ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010, ukiambatisha mkataba, rekodi ya malipo na hati ya kiapo. Hapa tarehe ndiyo kila kitu. Mkataba wenye tarehe ya kabla ya kesi lakini usio na malipo yoyote ya benki ya siku hiyo, hakimu ataushuku kuwa umetengenezwa baadaye, na mara nyingi hushuku kwa haki.

Warithi. Kama marehemu alikuuzia akiwa hai na ulimaliza kulipa, mwandikie msimamizi wa mirathi mapema, kabla mgao haujathibitishwa, ukionyesha ushahidi wako. Ukingoja hadi gari ligawiwe mtoto, vita vinakuwa na adui mpya.

Muuzaji anayekataa kuhamisha. Mara nyingi anataka nyongeza, au ameona bei imepanda. Mpe notisi ya maandishi yenye tarehe ya mwisho, kisha nenda mahakamani uombe tamko la umiliki na amri kwa NTSA ihamishe. Njia hii hufaa pia kwa muuzaji aliyepotea, ilimradi uonyeshe ulivyomtafuta.

Kesi ndogo ni kwa hakimu gani?

Dai lako likiwa halizidi shilingi milioni 1, Mahakama ya Madai Madogo inalipokea, ikiwa ni pamoja na dai la kurudishiwa mali inayohamishika. Imekusudiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60, na unaweza kujiwakilisha. Gari la bei kubwa zaidi huenda mahakama ya hakimu. Usikae ukingoja "mambo yatulie": kesi ya mkataba ina miaka 6, ya madhara yasiyo ya mkataba miaka 3.

Kumshitaki muuzaji polisi kwa ulaghai ni sawa, lakini usidhani kesi ya jinai itakurudishia pesa. Kosa la kujipatia kwa udanganyifu lina adhabu ya hadi miaka 3 jela. Yeye anaweza kufungwa na wewe ukabaki huna gari wala fedha. Fungua ya madai pia, tena mapema, akiwa bado ana mali ya kushikwa.

Ikiwa wewe ndiye uliyeuza

Wauzaji nao huniandikia, na wao huchelewa zaidi: wanangoja mpaka wapokee barua ya wakili kuhusu ajali ya gari waliloliuza zamani. Kesi ya Securicor inawapa matumaini, lakini Securicor ililazimika kuthibitisha, na kuthibitisha kuna gharama.

Mnunuzi akikuomba umpe hati "nitahamisha mwenyewe," kataa. Anzisha uhamisho siku hiyo hiyo. Akiwa ni broka anayetaka kuliuza tena bila jina lake kuingia, mwambie hilo si tatizo lako. Piga picha ya kitambulisho chake na ya kilomita, mpe karatasi ya makabidhiano yenye saa, na uiarifu kampuni yako ya bima kwamba gari limeuzwa. Bima ni mkataba wako na kampuni. Haiendi na gari, na mnunuzi anayeendesha kwa bima yako anaweza kukuta hana bima kabisa. Kama hajakubali uhamisho, mwandikie msajili kabla siku 7 hazijaisha, ukiambatisha mkataba na nakala ya kitambulisho cha mnunuzi, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.